Ukurasa wa Vitumbua

Lilikuwa moja tu, gazeti, kwa watu kumi na wanane.
Senti kumi, senti kumi, kofia ya Machupa ikizunguka
kabla king'ora cha asubuhi hakijalia
pale getini, kiwanda cha nguo, Ubungo,
na mimi nikitumwa mbio, nisilikunje, nisilisome njiani.
"Habari ikisomwa njiani inapoa," alisema Machupa.
Nilimwamini.

Mama alikuwa na karai la vitumbua na sheria moja:
hafungi kitu kwa gazeti ambalo halijasomwa.
Basi alingoja.

Walianzia nyuma, kwenye mpira,
kwa sauti ya Tindwa fundi mitambo
aliyekaa chuoni mpaka akahitimu,
akaghani kila kitu, hata bao la kusawazisha.
Kisha vifo. Hapo vikombe vilitua.
"Rudia jina la ukoo," Mwanaidi wa chumba cha nyuzi angesema,
angesikiliza, angeshusha pumzi: si wa kwetu.
Hotuba walizipitia kama mtu anayechambua mchele,
macho yakitafuta mawe.
Bei ya unga waliisoma mara mbili,
labda mara ya pili itashuka.

Kufika mchana limeshagawanyika.
Karatasi moja kwa mlinzi, hadithi ya mfululizo
kwa wanawake wa zamu ya pili,
na kichwa cha habari kwa Bi Sikujua,
mwanafunzi wa ngumbaru,
akifuata mstari kwa pini ya nywele:
se. ri. ka. li.
Akivuka neno kama mto, jiwe kwa jiwe.

Ligunda mpakiaji hakuuliza mpira.
"Ushairi umo leo?" basi.
Alitunga nyuma ya risiti za ghala,
akihesabu mizani kwa vidole juu ya paja,
na bahasha niliitia posta mimi,
nikailamba stempu kwa ulimi wangu mwenyewe.
Wiki moja. Wiki nne.
Wiki ya sita akaacha kuuliza.

Siku lilipotoka yeye alikuwa zamu ya usiku,
na wengine walikuwa wanagombana juu ya penalti.
Ukurasa ule haukusomwa na mtu.
Mama akadhani umesomwa.

Asubuhi Ligunda alichukua vitumbua viwili, kwa deni.
Akala kimoja.
Cha pili kikabaki mkononi, kikapoa,
maana mafuta yalikuwa yameshaingia karatasini
na kupitia tangazo la baiskeli inayouzwa
aliona, kinyumenyume, kitu anachokifahamu.
Akageuza.

*Mzani nakuuliza, mbona jibu hulitoi?*
*Robota lanilemeza, mshahara haukui,*
*Bei wanaiongeza, sukari siitambui,*
*Pamba umeimaliza, mimi bado hunijui.*

Ubeti mmoja kati ya saba.
Na chini yake: A. Legunda, Dar es Salaam.
Herufi moja wamemkosea.

Machupa alihesabu mizani, akaikuta sawa, akakasirika kidogo.
Tindwa alighani, mara hii kwa haki.
Mwanaidi peke yake ndiye aliyeuliza, polepole,
"Mzani huo si wa ghala letu?
Na meneja, yeye hanunui gazeti?"
Kimya. Mafuta yakichemka.
Kila mtu akaikumbuka kazi yake.

Ligunda alianika karatasi kwenye waya wa uzio,
akaibana kwa kijiti,
akaingia ndani kulala kwenye marobota mpaka zamu iishe.
Mwezi uliofuata hakuwepo.
Wengine walisema Morogoro, wengine walisema mkewe kajifungua,
wengine hawakusema.

Mama hakujua kuandika.
Lakini madeni yake aliyachora ukutani kwa mkaa,
alama kwa kila mtu: nyota, kisu, jicho.
La Ligunda lilikuwa duara.
Siku ile alilifuta kwa kiganja,
akaichukua karatasi kutoka kwenye uzio,
akanakili herufi moja moja, ulimi nje,
mpaka likatimia, kubwa, limepinda,

Legunda, vitumbua viwili.

Hakuna aliyemrekebisha.
Lilitoka gazetini.